Nilifundisha Harusi Nzima Kuchechemea

Kosa ni langu, na marehemu simsingizii tena. Nimemsingizia vya kutosha.

Mume wangu, vijana walimwita Mwalimu, ndiye aliyekuwa akitunga ngoma za michezo ya jukwaani ya kanisa letu hapa Birmingham. Sisi ni watu wa Bukavu. Mchana alibeba mizigo kwenye ghala kule Washwood Heath, jioni alikuja kutunga jikoni kwangu, anahesabu kwa mdomo, nami nakaanga ndizi na kumwambia asinipige kiwiko.

Alifariki kabla hajawafundisha vijana ngoma ya mwisho ya mchezo wa harusi, ile ya maharusi kuingia. Matanga yalipokwisha, shemeji yangu, mdogo wake anayekaa Great Barr, akaja nyumbani. Akasema mchezo lazima uonyeshwe, ndiyo kumbukumbu ya kaka yake, na ngoma ile hakuna aliyeiona ila mimi.

Ningesema sijui. Shule sikufika mbali, na kucheza ndiyo kabisa. Lakini mjane akiulizwa kitu cha mumewe anaona haya kusema hakijui. Nikasema, "Ninaijua yote."

Mazoezi yalikuwa ukumbini, Newtown. Nikawaonyesha kama nilivyomwona: mkono juu, bega, geuka, mguu wa kulia piga, wa kushoto buruta. Neema, binti aliyezaliwa hapa hapa, akaniuliza, "Anti, huu mguu wa kushoto umefanya nini?"

Hata mimi sikujua. Nikamjibu, "Mwalimu ndivyo alivyotaka." Ee Mungu, nisamehe! Mtu yuko kaburini, nami namtungia maneno.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Bibi harusi akaingia anaburuta mguu. Bwana harusi anaburuta. Wakafuata wasimamizi, wazazi, mchungaji wa kuigiza, ukoo mzima mguu wa kushoto hauna kazi. Mama mmoja Mkenya nyuma yangu akamwuliza mwenzake, "Hii ni harusi ama foleni ya hospitali?" Watu wakacheka mpaka mpiga kinanda akapotea kwenye wimbo.

Ndipo nikakumbuka goti! Mume wangu alikuwa ameanguka kazini, na miezi yote ile ya kutunga jikoni goti lake la kushoto lilikuwa limefungwa bendeji. Na bendeji yenyewe nilikuwa naifunga mimi.

Shemeji akanifuata kando ya jukwaa. Hakupandisha sauti. "Shemeji, kaka aliniambia kwa simu kwamba ngoma ile ni ya kuruka. Alikuwa anangoja goti lipone. Ni yeye kweli aliyesema waburute?"

Hapo ningeweza kutubu. Nikasema, "Ndiyo, ni yeye."

Akachukua koti lake. Mwaka mzima hakukanyaga kwangu, na kwenye ibada ya kumbukumbu alikaa benchi la mbali. Huyo ndiye ndugu pekee niliyebaki naye nchi hii.

Mwishowe nikapanda basi hadi Great Barr, nikamweleza yote, pamoja na habari ya bendeji. Alinitazama kwanza. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Akafuta macho, akauliza, "Sasa, kuruka kwenyewe kulikuwa vipi?"



Hakuna ajuaye. Siku hizi vijana wetu wanaingia harusini wanachechemea kwa furaha, wanauita mtindo wa Mwalimu, na wageni wanapiga makofi. Ngoma yake ya kweli nimeizika pamoja naye.

Basi ndugu msomaji, ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, hata kama ni la mwenzako wa kitanda kimoja. Na kama kwako yupo anayecheza huku anaumwa, muulize leo hii: ungekuwa mzima, ungechezaje?