Kitanda cha Mtoto na Chumba cha Bibi

Iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, mwanangu, na juzi imenipanda kweli kweli, maana nilikwenda Miyuji, pale Dodoma, kwa kijana wangu Yona nikakuta mambo yale yale. Kaa unisikilize. Nasema nawe hasa uliye na ujauzito, na wewe mwenye mke mjamzito unayeshinda kwenye simu ukiangalia vitu vya watoto, leo hiki kimekupendeza, kesho kile. Nitaanza na siku hiyo ya zamani, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nilipandisha sauti kwenye nyumba ya watu.

Tulikuwa tunakaa Makutupora, mimi na Baba Yona. Yeye alikuwa kibarua kwenye mashamba ya zabibu. Tulikuwa na nyumba ya vyumba viwili: kimoja tunalala, cha pili ni cha wageni na magunia. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, na mume wangu alikuwa na furaha iliyopitiliza. Basi mtaalamu mmoja wa pale shambani akawa anahama, anauza vitu vyake, na katika vitu hivyo kukawa na kitanda cha mtoto. Jamani, kile kitanda! Kizito, cha mbao, kimezungushiwa fito pande zote kama zizi la ndama. Mume wangu akakipenda. Nikamwambia, "Baba, mtoto atalala na mimi." Akasema mtoto wake hatalala kama watoto wengine. Haya bwana. Kikaletwa vipande vipande, fundi akaja akakiunga humo humo ndani ya chumba cha pili, kikajaa kutoka ukuta hadi ukuta. Magunia tukayabananisha kwenye kona. Akaja kila mtu wa jirani kukitazama, na mume wangu akawa anawaonyesha namna ubavu mmoja unavyoshuka na kupanda.

Nikajifungua salama, mtoto wa kiume, na huyo ndiye Yona. Nikarudi nyumbani nikiwa sijui hili wala lile. Maziwa yalijaa matiti yakawa magumu kama mawe, mtoto akishika anaachia, analia mpaka anakuwa mwekundu, na mimi nalia naye. Mume wangu asubuhi anakwenda shambani. Nabaki nimekaa peke yangu nasema tu, mama aje, mama aje. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka duniani, si kingine.

Na mama akaja. Alitoka kijijini Haneti amepanda lori, ana mzigo wake kichwani, na chini ya kwapa kibuyu cha samli. Nilisikia sauti yake uani ikisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" na machozi yakanitoka hapo hapo kabla sijamwona. Akaingia, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema, "Ngoja niweke mzigo nioshe mikono." Akafungua mlango wa chumba cha pili.

Akasimama pale pale kizingitini, mzigo bado kichwani.

Sasa hapa lazima nikueleze, kwa sababu vijana wa siku hizi mnacheka mambo haya. Kwetu Wagogo, mama mkwe na mkwewe wa kiume wanaheshimiana kwa umbali. Hawali pamoja, hawakai wakigusana mabega, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Kulala chumba kimoja hilo hata mlevi hatalitamka. Kwa hiyo mama yangu hakuwa na pa kulala. Chumbani kwetu haiwezekani. Chumba cha pili kimejaa kitanda cha mtu ambaye hajatimiza hata mwezi. Jikoni ni kibanda cha kuku na kuni. Mume wangu kwa furaha yake yote alikuwa amemfungia mama mkwe wake mlango, na hakujua!

Na ubaya wake ni kwamba mama hakuweza kumwambia. Mama mkwe hamgombezi mkwewe, ni mwiko. Mume wangu alikuwa amepata habari kwamba mgeni amefika, amerudi mbio kutoka shambani, na kwa heshima amesimama nje nyuma ya ukuta, haingii. Mama alijua yupo pale. Basi akakigeukia kitanda.

"Shikamoo, kitanda," akasema kwa Kigogo, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Naona umefika kabla yangu, basi wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Nisaidie kidogo nielewe. Binti yangu akipata homa, utamchemshia maji wewe? Mtoto akilia alfajiri utambeba umtembeze, mama yake apate usingizi? Utampikia uji? Utamkanda matiti? Mbona hujibu? Nakuuliza wewe mwenye miguu minne!"

Akakigonga ubavu kwa kidole kama anayebisha hodi.

"Haya," akasema mama, "kaa wewe. Mimi lori la kurudi Haneti linapita jioni, nitalisubiri barabarani." Akabeba mzigo wake, akatoka uani, akaukalia akiwa ameipa nyumba mgongo.

Mwanangu, moyo wangu ulipasuka. Nilijua mama akiondoka nimekwisha. Si kwamba alikuwa anatishia. Alikuwa hana pa kulala, basi. Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Baba Yona! Umesikia?" Nikasikia tu miguu inakimbia. Nikadhani amekimbia aibu, nikamlaani kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Akarudi na msumeno wa shambani, ule wa kukatia mizabibu iliyokomaa. Akaingia kwa mlango wa nyuma kimya kimya, akajaribu kukivuta kile kitanda kipite mlangoni. Hakipiti! Si kilikuwa kimeungwa ndani? Akasukuma, akakigeuza ubavu, wapi. Basi akapiga magoti akaanza kukata miguu. Krr, krr, krr. Mama uani hakugeuka, lakini kila mguu ulipoanguka alikohoa. Akakata miguu yote, akakata na ule ubavu wa kupanda na kushuka aliokuwa anajisifia, akavitoa nje kipande kimoja kimoja akipita mbali na mama, amefunika uso kwa kofia. Sikuwahi kumpenda yule mtu kama siku ile.

Nikasema kwa unyonge, "Mama, chumba kimefunguka." Akainuka, akaingia, akatandika mkeka wake. Wala hakusema neno jingine juu ya kitanda maisha yake yote.

Kisha akafungua mzigo. Unajua alileta nini? Khanga kuukuu. Zimefuliwa mpaka zimekuwa laini, hata rangi huijui. Nilikuwa na khanga mpya ambazo mume wangu alizinunua, bado zina dawa ya dukani, zinakwaruza na hazinyonyi hata tone la mkojo. Mama akaziloweka zote kwenye ndoo akasema zitafaa baadaye. Alileta unga wa uwele wa uji wangu. Akachemsha maji, akanikanda kwa kitambaa, akamweka mtoto kifuani kwa namna ambayo mimi sikuijua, tumbo lake kwa tumbo langu, mdomo umefunguka wote. Yona akashika, akanyonya mpaka akalala. Ndipo na mimi nikalala, na nilipoamka ilikuwa jioni na lori la Haneti lilikuwa limeshapita.

Kile kitanda kisicho na miguu tulianikia zabibu miaka mingi. Baba Yona mpaka leo ukikitaja anasema alikipunguza urefu tu.

Sasa turudi Miyuji, nimalize hasira yangu.

Yona anafanya kazi ofisini, mkewe Nyemo anafundisha watoto wa chekechea. Wamepanga nyumba ya vyumba viwili vya kulala na sebule. Nyemo tumbo limeshuka, bado siku chache. Tukaenda mimi na baba yake kuwaona. Yona ananishika mkono, "Mama, njoo uone chumba cha mtoto." Nikaingia. Loh! Kitanda, cheupe, kimejaza nusu ya chumba. Kigari cha kusukuma, na mtaa wao ni mchanga na mitaro, sijui atakisukumia wapi. Mashine ya kupashia chupa, na mama mwenye maziwa yuko hapo. Poda ya manukato. Midoli inaning'inia juu inazunguka. Viatu! Viatu vya mtu ambaye hajui hata kama kuna ardhi! Lakini nikauliza khanga laini ziko wapi, hakuna. Kofia na soksi nzito za upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba, hakuna. Pipa la maji la kujazia siku bomba likikauka, hakuna, ati watanunua baadaye.

Nikasema, "Yona, na mama mkwe wako atalala wapi?"

Akasema, "Mama, tulimpigia simu, tukamwambia chumba kimejaa ila atalala sebuleni kwenye kochi. Akasema tusijisumbue, atakuja mtoto akishakuwa mkubwa."

Mwanangu, nilishika kiuno. Sebuleni! Ambako Yona anapita asubuhi na taulo kiunoni akienda bafuni! Mama yule ni mtu wa Haneti, ni Mgogo wa watu, angekufa kwa aibu. Ndiyo maana akasema msijisumbue. Mtu mzima akiona hana nafasi hasemi "mmeninyima nafasi," anawapunguzia ninyi fedheha. Na huyu kijana wangu msomi akalichukua neno lile kama lilivyo, akaenda akanunua midoli!

Nikamwacha na chumba chake nikaenda jikoni. Nyemo alikuwa anaosha vikombe, ameinama juu ya sinki. Nikamuuliza taratibu, "Wewe unasemaje?" Hakugeuka. Akasema, "Mama, kila kitu kipo. Yona amejitahidi sana." Kikombe kikamponyoka. "Lakini mimi namtaka mama yangu."

Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Sitarudia niliyosema. Najua majirani walisikia, na hilo silijutii. Yona alijitetea, ati mambo ya zamani, ati dunia imebadilika, ati wataajiri dada wa kazi. Nikamwambia dada wa kazi mwajiri, tena mlipe vizuri, lakini hilo halimzuii mwanamke kumlilia mama yake.

Baba yake muda wote huo alikuwa amekaa sebuleni na chai yake. Mzee sasa, magoti yanamuuma. Nikasikia kikombe kinawekwa mezani. Akaja polepole mpaka mlangoni pa kile chumba, akakitazama kitanda juu mpaka chini.

Akasema, "Yona. Msumeno uko wapi?"

"Msumeno wa nini, baba? Kinafunguliwa kwa spana."

"Basi lete spana."

Wakafungua wote wawili, baba na mtoto. Mimi nikachukua simu nikampigia mama yake Nyemo. Tukasalimiana, nikamwambia, "Mwenzangu, chumba kipo. Kina mlango na kinafungwa. Njoo." Akasema, "Mzigo nilishaufunga tangu nilipoambiwa ana mimba. Uko hapa mlangoni, kila siku naupita."

Jana alifika.

Basi nakuambia waziwazi, mwanangu, usije ukasema hukuambiwa. Mtoto mchanga hana makuu. Mpe khanga laini zilizofuliwa mara nyingi, nguo chache za kubadilisha, kofia, soksi, shuka zito, chandarua, beseni safi na sabuni isiyo na harufu. Kitovu usikipake kitu, fuata wanachokuambia kliniki. Weka maji ya kutosha ndani, weka nauli ya kwenda hospitali pembeni isiguswe, weka unga wa uji wa mzazi. Mengine yote yatasubiri, na mengi utayasahau. Lakini kabla hujanunua hata kimoja, jiulize nani atakuja kumshika mkono mama wa mtoto, na mtu huyo atalala wapi. Kama mama yake hayupo tena duniani, mtafute shangazi, dada, jirani mwenye moyo, na umwandalie godoro na mlango wa kufunga. Usingoje akuombe. Hataomba.

Mungu akufungue salama, wewe unayekaribia kujifungua. Akupe mtoto anayeshika titi vizuri na usingizi wa mchana. Na yule aliyefunga mzigo wake kwa ajili yako, popote alipo, akute mlango uko wazi na mkeka umetandikwa.