Bipu Haipokelewi

Mume wangu alipopelekwa ng'ambo ya ziwa na kikosi cha kulinda amani, tulikubaliana jambo moja tu: kila Ijumaa baada ya alasiri atabipu. Simu ikilia mara moja na kukata, yu mzima. Nasi tutambipu, ajue nyumba ipo. Kuzungumza tuliachia siku za mshahara, maana kupiga simu kutoka nchi ile kulimaliza vocha kabla hata hamjamaliza salamu.

Mpango mzuri kabisa, ila ulimsahau mama mkwe.

Tuliishi naye Ujiji, nyuma ya soko, na simu ilikaa dirishani mwa chumba chake kwa sababu ndani ya nyumba hapo tu ndipo mtandao ulipopatikana. Ijumaa ya kwanza ikalia, na kabla sijainuka alikwisha kuibonyeza.

"Abee, mwanangu."

Mume wangu akacheka, wakaulizana hali, wakaingia kwenye habari za kuku na za mvua, na salio likaisha mvua ikiwa bado haijanyesha. Ijumaa ya pili, vivyo hivyo. Nilimweleza kwa upole, halafu kwa ukali ambao mkamwana hapaswi kuwa nao. Bipu haipokelewi, mama. Akanitazama kama mtu aliyekosa wa kumlea.

"Mwanangu ananiita, nami nikae kimya? Aliyeitwa akanyamaza ni mgonjwa au ni maiti."

Ikaja Ijumaa ambayo simu haikulia. Iliyofuata, kimya pia. Siku zile watu waliokimbia vita walikuwa wakishuka bandarini na magodoro na masufuria yao, na kila niliyemuuliza alisema mapigano yamesogea upande waliko askari wetu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu, na hofu yangu ikitafuta wa kumlaumu haikwenda mbali. Nilimwona mume wangu amekaa mahali ameshika simu isiyo na senti, vocha imemalizwa na habari za kuku. Nilimchukia mama mkwe, nasema bila kupindisha.

Nilipomwambia ndiye aliyemmalizia vocha, hakubishana. Aliacha kula ugali, akawa anamung'unya tu kipande cha samaki wa mgebuka na kukirudisha sahanini. Asubuhi moja akanifuata jikoni.

"Kama ni mimi niliyemfunga mdomo, basi nifundishe. Nitanyamaza."

Kusema ni rahisi. Tulijaribu kwa simu ya jirani, akipiga kutoka uani, na kila ilipolia mkono wa mama ulikwenda wenyewe. Jirani huyo alikuwa Mrundi wa siku nyingi, aliyeletwa huku akiwa mtoto wa mgongoni, na kazi yake ilikuwa kukamua mawese. Akacheka, kisha akamhurumia.

"Ihangane, mama, vumilia. Mikono ipewe kazi. Siku ya simu njoo tukamue chikichi."

Ndivyo ilivyokuwa. Ijumaa hiyo mama alikuwa uani, mafuta mekundu hadi viwikoni, simu ikiwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Ikalia mara moja, ikakata. Mzima! Nilirukaruka kama mtoto. Mama alisimama ameinua mikono, mafuta yakimchuruzika, na midomo yake ikatamka "abee" bila sauti. Alilia, nami nikamfuta machozi kwa kanga yangu, na chuki yote ikaniisha hapo hapo. Nikarudisha bipu.

Ijumaa kadhaa zikapita hivyo, simu ikilia na kukata, mama akishinda mtihani wake. Nilijiona nimefaulu kuliko mwalimu yeyote wa Kigoma nzima.

Halafu Jumanne moja, tukiwa kwenye mawese, simu ikalia na haikukata.

"Usiguse," mama akasema. "Ni bipu."

"Bipu gani ndefu hivi?"

Ikanyamaza, ikaanza tena. Nikaipokea. Ilikuwa sauti ya mume wangu, kavu, hata salamu haikuwemo.

"Niambie ukweli, mke wangu. Mama mmemzika lini?"

Akaendelea kusema kwamba walikuwa wamepelekwa porini, mahali pasipo na mnara wa simu, na alipotoka huko alibipu akimngojea mama apokee. Hakupokea. Ijumaa iliyofuata akabipu tena, hakupokea. Mama yake, huyu anayemjua? Bipu zetu zilimfikia, lakini bipu haina sauti ya mtu. Akajua tunamficha, maana askari aliye vitani haambiwi msiba. Alikuwa ameazima simu ya mwenzake ili aambiwe tu, ajue moja.

Kumbe kimya kile hakikuletwa na vocha, na mama hakuwa na hatia yoyote. Sikuwa na muda wa kuona haya. Nilikwenda nikambandikia simu sikioni, mikono yake ikiwa bado imeloa.

"Ni yeye. Itika."

"Abee, mwanangu."

Nikasikia mwanamume mzima, askari, akilia kwa kwikwi upande wa pili wa ziwa. Mama alifumba macho akamsikiliza.

"Nyamaza, baba. Mimi nipo," akamwambia. "Kata sasa, unamaliza vocha ya watu."

Hakukata. Na mimi, mwenye sheria zangu, nikaendelea kumshikia mama simu sikioni mpaka salio lilipoisha lenyewe.