Siku ya Kulaza Maji

Kuna watu huamka wakiwa wamechoka tayari, na Mama Koki alikuwa mmoja wao. Usimlaumu. Na wewe ukipewa kazi ya kuufungulia mtaa mzima maji, ukaifanya tangu ujana mpaka mvi zikakuota, ungeamka hoi vilevile. Jina lake la ubatizo watu walishalisahau. Hata fundi cherehani aliyemshonea sare ya idara ya maji alidarizi "M. Koki" kifuani, akidhani anamheshimu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alfajiri anapanda kilima nyuma ya nyumba, spana begani, mpaka kwenye kijumba cha mawe kilichojengwa juu ya chemchemi. Anafungua kufuli, anainama, anazungusha gurudumu la chuma la koki kubwa, na maji yanateremka kwenye tangi, kutoka hapo yanaingia kwenye mabomba ya watu. Jioni anapanda tena kuyapunguza. Gurudumu lilikuwa limeliwa na kutu, na lenyewe lilishamla bega la kulia. Akishuka hapo anapokewa na shukrani za wateja. "Mama Koki, maji yako leo yana tope." "Mama Koki, kwangu hayajapanda, au mpaka nikupigie magoti?" Maji yake, eti. Utadhani anayatoa mfukoni.

Na sasa maji yenyewe yalikuwa yanakwisha. Hilo ndilo lililomkosesha raha, si matusi, matusi alishayazoea. Alipoanza kazi chemchemi ilikuwa ikibubujika mpaka inamrushia usoni. Siku hizi ilikuwa inadondoka kwenye mwamba kwa shida, vyura wamehama, na majani yaliyokuwa mabichi kuzunguka kijumba yamekuwa ya kahawia. Idara ilileta wataalamu, wakapima, wakasema kweli tupu: chemchemi inatolewa maji mengi kuliko inayopokea, watu wapunguze matumizi. Haya, nani apunguze? Kila mmoja alimnyooshea kidole jirani yake. Akabaki Mama Koki na koki yake, kila asubuhi anafungua, roho inamuuma kama anakamua ng'ombe mgonjwa. Aliogopa jambo moja tu, kwamba maji yale yatakufa mkononi mwake.

Mjomba wake ndiye aliyemwongezea mzigo. Mjomba alikuwa kitandani, kuugua kwa mwisho, na watu wakiwa katika hali ile huanza kusema mambo waliyokaa nayo miaka yote bila sababu. "Unajua wewe unayekaa na ufunguo wa chemchemi ni nani?" alimuuliza. "Ni mjukuu wa mlaza maji." Kisha akamsimulia. Zamani chemchemi ile haikuwa na kijumba wala kufuli. Kila mwezi mpya ulipoandama, kesho yake hakuna aliyechota, tangu jua kuchomoza mpaka kuzama. Maji yalilazwa. Watu walisema maji yana Mwenyewe, na siku ile yanarudishwa kwake. Wanyama, vyura na mizizi vinakunywa bila kusukumwa. Aliyetangaza siku hiyo, na kusimama pale kusema maneno ya kuyalaza, alikuwa babu yake Mama Koki, baba wa mama yake.

Akaja mzungu wa mashamba. Yeye Jumapili alipumzika, lakini maji hakuyapumzisha hata siku moja. Mlaza maji alipokataa, alikamatwa akabebeshwa mawe, na mawe hayohayo ndiyo yaliyojenga kijumba. Shule ya misheni pale chini ikafundisha watoto kwamba siku ile ni ya shetani. Baadaye mzungu akaondoka, bendera ikabadilika, mashamba yakawa nyumba. Bomba likabaki lilelile na maji yakaendelea kuvutwa vilevile, ila sasa aliyeyavuta alikuwa mwenyeji. "Muulize mama yako," mjomba alimalizia. "Yeye ndiye alikuwa akiandamana na baba kule juu. Maneno anayo." Wiki ile haikuisha, wakamzika.

Mama yake alikuwa akiishi kwake, chumba cha uani, mzee wa kanisa mwenye kitambaa cheupe kichwani na maoni kuhusu kila kitu. Jioni moja Mama Koki alikuwa anamkanda miguu, akaona hapa ndipo.

"Mama, siku ya kulaza maji babu alikuwa akisema nini?"

"Babu yako alisema mengi."

"Pale kwenye chemchemi."

"Niulize nyimbo za kanisani, hizo nazijua. Na kanda polepole, mguu huo si chuma."

Alijaribu tena siku nyingine, na nyingine. Bibi huyo alikuwa na kipaji cha kusinzia ghafla. Ukimuuliza bei ya sukari yuko macho. Ukimuuliza habari za baba yake, kichwa kimeshalala begani, anakoroma. Mama Koki alijua anajitia hamnazo, na hasira ikawa inamkaa rohoni. Alimwona mama yake mchoyo. Kitu kile kilikuwa cha ukoo mzima, maji yanakufa, na yeye anakusudia kuondoka nacho kaburini. Lakini mama ni mama, utamfanya nini? Akawa anameza tu.

Mwezi ulipoandama tena, Mama Koki akapiga moyo konde. Alipita mtaani jioni ile akitangaza kwamba kesho maji yatafungwa kutwa nzima kwa ajili ya matengenezo. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu aliyelelewa na idara. Idara ile ilishatangaza matengenezo mara nyingi na maji yakaendelea kutoka kama kawaida, kwa hiyo walimwitikia "sawa, Mama Koki" na hakuna aliyejaza hata sufuria.

Asubuhi alipanda kilima, akaingia kijumbani, akazungusha gurudumu kinyume mpaka likagoma. Sauti ya maji kwenye bomba ikapungua, ikakatika. Miaka yote hakuwahi kusikia pale pakiwa kimya hivyo. Sasa ilibidi aseme neno. Alisimama mbele ya mwamba, mikono imening'inia, hajui aanze na nini. Sala za kanisani zilimjia akaona haya kuzitumia bila ruhusa. Maneno ya babu hakuwa nayo. Mwisho yakamtoka yale pekee aliyoyajua ya kufungia maji, yaliyo chini ya kila tangazo la idara: "Samahani kwa usumbufu utakaojitokeza." Alipojisikia alitaka kucheka, akajikuta machozi yanamlenga. Akatoka, akakaa nje.

Hakukaa kwa amani muda mrefu. Wa kwanza kupanda alikuwa Povu, muosha magari wa kona, ambaye jina hilo alilipata kwa sabuni kwanza na kwa mdomo baadaye. Nyuma yake kulikuwa na akina mama na ndoo zao.

"Mama Koki, matengenezo gani haya? Spana iko chini, wewe umekaa."

"Maji yamelala," alisema. Alikuwa amechoka mno kutunga uongo wa pili.

"Yamelala wapi?"

"Hapo ndani. Yanapumzika leo. Nitafungua jua likizama."

Wakaanza. Povu alisema maisha yake yote amesikia sababu za kukosa maji lakini hii imezidi. Mama mmoja akauliza kama huo si ushirikina, mwingine akasema nguo zake ziko kwenye sabuni, ushirikina utazisuuza? Mama Koki aliwajibu alichoweza. Aliwaambia yaliyomkuta babu yake. Wachache walinyamaza wakasikiliza, nao kwao walikuwa na babu zao. Ila ndoo zilikuwa tupu, na mtu mwenye ndoo tupu hasikilizi sana.

Msimamizi wa idara alifika jua likiwa utosini, shati limelowa jasho. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa juu ya jiwe, akasikiliza hadithi yote bila kumkatiza.

"Dada yangu," alisema, "hata ofisini tunajua chemchemi inataka kupumzishwa. Tumesema mpaka tumechoka. Lakini siku moja haitaijaza, na zahanati pale chini haina maji ya kunawia mikono. Fungua."

"Nipe mpaka jioni."

"Nikikupa, kesho mimi na wewe hatuna kazi. Na yule mama anayejifungua pale tutamwambia nini?"

Mama Koki aliteremsha macho kwenye paa la zahanati. Angemjibu nini, kwamba asubiri kuzaa?

Wakati huo mkokoteni wa Povu ulikuwa unapanda kilima, na juu yake, katikati ya madumu, ameketi mama yake Mama Koki na kitambaa chake cheupe. Povu ndiye aliyemfuata nyumbani. Alihesabu kwamba mzee wa kanisa akisikia binti yake anatambikia chemchemi, atamtoa pale kwa sikio. Bibi alishushwa, akasimama akitazama kijumba. Tangu usichana wake alikuwa hajakanyaga pale. Watu wote walingoja amwage radhi.

"Nani kakuambia ufunge?" aliuliza.

"Mjomba kaniambia habari zake. Kufunga nimeamua mwenyewe."

"Ukasema nini?"

Mama Koki aliinamisha kichwa. "Nimeomba samahani tu. Maneno sikuwa nayo. Wewe si ulikataa kunipa?"

Bibi alitafuta mahali pa kukaa. Msimamizi akampisha kwenye jiwe lake, lakini hakukaa hapo. Alijisogeza mpaka kwenye jiwe jingine, lililo karibu na mlango, akalipapasa kabla ya kuketi.

"Nilikuwa darasani," alisema. Hakusema kwa sauti kubwa, ikabidi watu wasogee. "Mwalimu akaniita mbele. Akasema, wewe binti wa mlaza maji, chukua ndoo ukateke. Ilikuwa siku yenyewe. Nikamwambia leo maji yamelala. Akanichapa viganja mbele ya wenzangu mpaka nikaichukua ile ndoo. Baba alikuwa amekaa hapa nilipokaa mimi. Aliniona nikichota. Hakunigombeza, hakusema kitu."

Alifuta midomo kwa ncha ya kitambaa.

"Tangu siku ile baba hakupokea tena maji kutoka mkononi mwangu. Nilikuwa namwekea, anangoja mpaka mama apite ndipo anaomba. Miaka yote, mpaka anakufa. Na maneno hakunifundisha tena. Yale machache niliyokuwa nimeyasikia niliyafukuza mwenyewe kichwani, yalikuwa yananiuma. Sikukunyima, mwanangu. Sina. Nimesali kanisani maisha yangu yote, na nusu ya sala hizo nilikuwa naombea ndoo moja."

Mama Koki alimsogelea. Siku zote zile alimwita mchoyo moyoni mwake, na mama yake alikuwa akikoroma uongo kwa sababu hakuwa na namna ya kusema kwamba aliachwa mikono mitupu na baba yake mwenyewe. Alipiga magoti akamshika mikono, akavitazama vile viganja. Havikuwa na alama yoyote, vilikuwa viganja vya mzee.

"Nisamehe, mama."

"Haya, inuka. Umeitwa kazini."

Ni kweli. Msimamizi alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, haya imemjaa, lakini simu yake ilikuwa inaita na zahanati ilikuwa palepale. Mama Koki aliingia kijumbani shingo upande. Alilishika gurudumu, akalizungusha, bega likamchoma, maji yakaanza kushuka. Watu wakateremka na ndoo zao bila kelele. Hata Povu aliusukuma mkokoteni wake akiwa amefunga mdomo, jambo ambalo mtaani lingekuwa habari.

Waliobaki walikuwa wawili tu, yeye na mama yake. Jua lilikuwa kali na bibi alikuwa amebebwa juani bila kunywa kitu, midomo imempasuka. Mama Koki alikinga kikombe pale maji yanapotoka kwenye mwamba, akamletea kwa mikono miwili.

"Kunywa, mama."

Bibi alikitazama kikombe. "Jua limezama?"

"Bado. Lakini nimeshafungua. Siku imeharibika."

"Umefungua wewe, ni kazi yako, wala sikulaumu. Mimi sijachota."

"Mama, utaugua."

"Siku ile nyingine niliiharibu mimi," mama yake alisema. "Hii niache niimalize."

Mama Koki alisimama na kikombe chake, hajui akifanye nini. Alitaka kumbembeleza, akaona hana haki hiyo. Mwishowe aliyamwaga yale maji palepale yalipotoka, akaja kukaa chini kando ya mama yake, mgongo kwenye ukuta wa kijumba. Hata yeye alikuwa hajanywa tangu asubuhi, na koo lilikuwa limemkauka. Chini mtaani ndoo zilikuwa zinajaa. Walikaa wakingoja, na jua lilikuwa bado juu sana.