Mfungwa Aliyezidi Ubaoni

Nacheka kwanza mwenyewe, halafu nanyi mcheke, maana aibu hii sijamsimulia hata mke wangu. Zamani za Wabelgiji, kabla chuo kikuu hakijanifundisha maneno makubwa ya kufichia upumbavu, nilikuwa karani wa buloko (gereza, kwa wasiotujua) la Kasongo, na kila asubuhi niliandika idadi ya wafungwa kwenye ubao nje ya lango, ili Mzungu mkuu aione na watu wote waione.

Nilikuwa mgeni mjini, sina ndugu, na wafungwa ndio pekee walionikaribisha walipokula, kwa hiyo nikazoea kula nao. Basi siku moja, kwa uvivu, badala ya kuita majina nikahesabu sahani za bugali na kuandika ubaoni: hamsini na tatu.

Mzungu akapita, akahesabu vichwa: hamsini na viwili. Filimbi! Polisi wakatimka barabara ya Kabambare, na yeye akatangaza kwamba hakuna atakayefunguliwa mpaka mtoro apatikane.

Sasa, pale langoni alikuwa amekaa mama mmoja aliyetembea siku kadhaa kutoka Wamaza, shati safi mapajani, kumpokea mwanawe aliyefungwa kwa kutolima pamba ya lazima ya serikali na ambaye siku zake ziliisha asubuhi hiyo hiyo.

"Karani, mutoto wangu ndiye amekimbia?"

"Hapana, mama, iko ndani."

"Sasa wanamufungia nini?"

Nikakimbilia daftari, nikaita majina mara mbili, mara tatu, na kila jina likaitikia. Nikatoka mbele ya watu wote (na soko zima lilikuwa limehamia pale).

"Bwana, hakuna mtoro. Nilihesabu sahani, na yangu ikiwemo."

Kutoka ndani mfungwa mmoja akapaza sauti, "Sisi tunatafuta njia ya kutoka, ye anatafuta ya kuingia!" Watu wakaangua kicheko. Mzungu hakucheka, akaniamuru nifute ubao kwa mkono, na akanikataza kula tena mule ndani.

Kijana akafunguliwa, akavaa shati lake. Mama akanigeukia.

"Baba, kwenu hakuna mutu?"

"Wapo, mama. Mbali."

Akatikisa kichwa, wakashika njia.

Niliapa sitamhesabu tena mtu bila kumwita jina, na kwa miezi iliyonibakia Kasongo niliyaita yote, polepole, hata Mzungu akiwa na haraka. Kisha kila mara nikafunga daftari, nikaenda kula kwangu, peke yangu.