Salamu Hazirukwi

Philister ana haraka zake, na pale redioni Kisauni wamechoka kumsema. Husalimu huku anapita. Ukifungua kinywa kumjibu, yeye keshafika ngazini. Lakini seva kubwa inayohifadhi vipindi vya miaka yote haina mlezi mwingine. Ikigoma, yeye ndiye wa kuibembeleza.

Ijumaa alikuja Bi Dhahabu kutoka mtaa wa Shika Adabu. Marehemu mumewe, Boga, alikuwa hakosi kipindi cha salamu. Siku yake ya mwisho walikosana asubuhi, akatoka bila kumuaga. Akapiga simu redioni, na jioni moyo wake ukasimama. Bi Dhahabu hakufungua redio siku ile, kwa hasira. Sasa alitaka kujua jambo moja tu: je, alimtaja?

Seva nayo ilikuwa nzito. Kipindi cha siku ile kilihifadhiwa kwa vipande vidogo vidogo, na Boga akifika kwa watu wa Mtongwe, sauti inakwama.

"Turuke mpaka mwisho, bibi," Philister alisema.

"Salamu hazirukwi, mwanangu. Utawapitaje wenyewe mlangoni?"

Philister alitaka kukasirika, akashindwa. Akaichunguza seva, akaona inakochelewa: kila ikifungua kipande, husimama kwanza kuandika saa kilipofunguliwa, kama mtu wa pwani asiyeweza kupita mlango bila kuuliza hali za watoto. Akacheka peke yake. Akaikomesha tabia hiyo, kisha akaiamuru ivisome vipande vya mbele kabla havijaitishwa.

Boga akarudi, na safari hii hakukwama. Akawasalimu wa kanisani, wa Mtongwe, wa kivukoni, fundi wake wa baiskeli, hata jirani aliyemshuku kwa wizi wa kuku. Philister, asiyejua kungoja, alikaa ametulia tuli, na hofu yake ilizidi ya mwenye mume. Majina yalikuwa yanakwisha.

"Na wa mwisho," Boga alisema, "ni Dhahabu wangu. Nimetoka bila kukuaga, mama. Chai uliyoniwekea mezani niliiona. Nikirudi nitainywa hivyo hivyo, baridi."

Bi Dhahabu akajifunika uso kwa leso.

"Niliimwaga," akasema.

Philister akamshika mkono, na hakuuachilia.

"Turudie, bibi?"

"Turudie, mwanangu. Anzia wale wa kanisani."