Kioo cha Mviringo

Kaka yangu alifariki msimu wa mavuno. Trekta lilimpindukia korongoni akipeleka dizeli kwa kombaini zilizokuwa zinavuna ngano. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama, na picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho cha kazi. Kilikuwa mfukoni mwake siku ile, na kilichotoka hakikuwa na sura tena.

Sisi ni watu wa Mbulu. Tulishukia Hanang kwa sababu ya baba, aliyekuwa fundi mitambo katika shamba la serikali. Mkuu wake wa karakana alikuwa mtaalamu wa kigeni. Mkataba wake ulipoisha, miezi michache baada ya msiba, alituachia televisheni yake ya rangi, deki ya video na kanda kadhaa. Televisheni ile ilikuwa ya kizamani hata kwao: sanduku la mbao zito kama kabati la vyombo, na kioo chake kilikuwa cha mviringo, kimekatwa kidogo juu na chini. Wakati huo hapakuwa na kituo cha kunasa. Tulitazama kanda tu.

Katika kanda mojawapo mzungu huyo alikuwa amepiga picha za mavuno. Kaka anaonekana akishuka kwenye kombaini. Anajifuta jasho, anageuka, anacheka na mtu tusiyemwona. Halafu ni ngano tupu.

Tangu tulipogundua hilo, kila Jumapili baada ya ibada mama alikaa mbele ya kioo kile. Baba akirudisha kanda nyuma, mama anasogeza kigoda karibu zaidi.

Jirani yetu, mama mmoja wa jamii ya wafugaji aliyetuletea maziwa, aliingia siku moja akaikuta picha inakwenda. Mama akamwonyesha mwanawe. Yule jirani alitazama mpaka mwisho, kibuyu kikiwa bado mkononi.

"Wewe una pa kumwona," alimwambia mama. "Sisi makaburi ya baba zetu yamelimwa. Hiyo ngano anayovuna mwanao iko juu yao."

Mama aliyapokea maziwa, akampisha mgeni kwenye kigoda chake, naye akakaa sakafuni kando yake.

Kisha kioo kikaanza kufa. Rangi nyekundu ndiyo iliyotangulia kutoweka. Uso wa kaka ukawa wa kijani, kama wa mtu aliyezama majini. Kila wiki ilibidi tungoje zaidi kabla picha haijatokea, na ilipotokea ilikuwa na ukungu. Baba alifungua nyuma, akapangusa vumbi, akabadilisha alichoweza. Aliifahamu injini, si kitu kile. Alimwomba dereva wa lori la ngano amchukue mpaka Arusha pamoja na televisheni, wakaifunga kwa magunia ili isigongwe. Fundi wa huko alimweleza kwamba picha tyubu, yaani kile kioo chenyewe, imechoka, na kwamba za mviringo zilishaacha kutengenezwa zamani. Akamshauri asihangaike.

Baba hakumwambia mama hivyo. Alisema kifaa kinatafutwa.

Wakati wa kungoja kifaa hicho ambacho hakikuwepo, alisikia kwamba mwenye duka mmoja Dongobesh amenunua televisheni mpya na jenereta. Tulikwenda watatu, tukibeba deki na kanda. Mwenye duka alitupokea vizuri, akawatoa wateja nje ili tubaki peke yetu. Picha ilipokuja ilikuwa michirizi inayopanda na kushuka bila kusimama. Kanda za kwao yule mtaalamu hazikupatana na mashine za huku. Katikati ya michirizi tulisikia injini ya kombaini, na mtu akicheka.

Mama akainuka. "Zima," alisema. "Naomba uzime."

Kwenye basi la kurudi alituuliza shati la kaka siku ile lilikuwa la rangi gani. Baba alisema la bluu. Mimi nilikumbuka la kahawia. Mama alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akageukia dirishani.

Shamba nalo halikukaa sana. Vipuri vilikosekana, kombaini zikasimama porini, mishahara ikachelewa, mwisho tukaambiwa tuhame nyumba. Tulipata kipande cha ardhi Gendabi, mahali pasipo na umeme. Baba aliipakia televisheni kwenye mkokoteni wa ng'ombe pamoja na vitanda. Mama alipoiona akamwambia aishushe.

"Bado natafuta kile kifaa," baba alisema.

"Najua hakipo," mama alimjibu. "Nilijua tangu uliporudi kutoka Arusha."

Baba akaishusha, akaiegemeza ukutani nje ya nyumba ambayo haikuwa yetu tena. Mama alikuwa ameshaanza kutembea, anakwenda mbele ya ng'ombe, na hakuna aliyethubutu kumwita apande.