Nilivyotolewa Jandoni Nikiwa na Miaka Hamsini na Mbili

Jamani, hili nalisema mwenyewe kabla halijawafikia kutoka kwa mtani wangu Chilumba, maana yeye ameshalitia chumvi mpaka halilambiki: mimi, mwalimu wa sayansi, baba wa watoto wanne, mzee wa kanisa, nilitolewa jandoni mchana kweupe, Kitangari nzima ikishuhudia. Aibu yake mpaka leo nikipita sokoni natembea upesi.

Mwaka juzi moyo wangu ulichoka kabisa, nikapelekwa India, nikapandikizwa moyo wa kijana aliyekufa kwa ajali (jina lake sikuambiwa, ndivyo wanavyofanya). Nikarudi mzima. Safari hii nilipokwenda tena huko India kupimwa wakakuta askari wa damu yangu, zile chembe nyeupe, wameanza kuushambulia moyo kama mwizi aliyeingia ndani. Vidonge vya kuwatuliza nilikuwa nameza vya kutosha, na ukizidisha unabaki bila ulinzi, mafua tu yanakuzika. Basi wakanitibu kwa mwanga: mashine inavuta damu mkononi, inawatenga wale askari, wanatiwa dawa, wanamulikwa kwa taa maalumu, halafu wanarudishwa mwilini, na kidogo kidogo wenzao wanajifunza kutulia. Nikashukuru Mungu, vipimo vikawa vizuri.

Sasa kosa. Nilimpigia mama simu, nikaeleza weee, hakuelewa, nami kwa uvivu nikasema, "Mama, ni kama jando. Watoto wakorofi wanatolewa nyumbani, wanafundwa, wanarudi na adabu."

"Aaa! Kumbe jando! Na umetoka salama?"

"Nimetoka salama, mama. Jumamosi nafika."

Sikujua kwamba yuko kwenye foleni ya maji, na kwa sababu masikio yake hayasikii vizuri simu ameiweka sauti ya juu. Akina mama wa bombani hawakusikia habari za askari. Walisikia Mwalimu ametoka jandoni.

Halafu daktari alikuwa ameniambia baada ya matibabu nijikinge na jua siku moja nzima, nivae miwani nyeusi, maana ile dawa inafanya macho na ngozi viungue upesi. Siku moja! Mimi kwa woga wangu nikazifanya nne. Kwa hiyo Jumamosi nikashuka garini, nikitokea Masasi, na miwani nyeusi, kofia mpya, shati la mikono mirefu, mwavuli juu, na mke wangu, Mama Upendo, amenifunika kanga begani. Nani asiyejua mwali anavyotoka jandoni? Hivyo hivyo!

Ngoma zikalia. Vigelegele. Vijana wawili niliowafundisha darasa la saba wakaninyanyua mabegani, mmoja akaubana ule mkono wa sindano, nikapiga kelele, "Polepole, pale nilipotobolewa bado panauma!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Chilumba akaja mbio akipiga makofi: "Mwalimu! Miaka hamsini na mbili! Ngariba alikuwa anakuogopa?" Na wanawake wamemzunguka mke wangu, "Pole, Mama Upendo, umevumilia mengi," na yeye, badala ya kunitetea, anaitikia, "Tumeshapoa." (Hilo nalo nimelitunza moyoni, siku yake itafika.)

Nikateremshwa mbele ya mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikavua miwani, nikawaambia watu wote ukweli, moyo, askari, taa, mpaka jasho likanitoka. Nikamgeukia mama: "Wewe ndiye umewaambia hivi? Mbona umeniaibisha?"

Mama hakucheka. "Mimi nilikusikia vizuri, Baba Upendo. Waliokwenda jando ni hao askari wako. Sasa wametoka na adabu, waingie kimya kimya kama hawana kwao?" Akaniwekea kiganja kifuani, akausikiliza moyo. "Na huyu humu ndani ana mama yake. Mwenzangu alimsubiri mwanawe, hakurudi. Leo mwanawe amekubaliwa nyumbani kwangu. Nani amchezee kama si mimi?"

Akajifunga kanga kiunoni, akaingia katikati ya ngoma, bibi wa miaka sabini na kitu na magoti yake mabovu. Chilumba akaacha kucheka, akaenda kumshika mkono asianguke. Mimi nikavaa miwani yangu tena, na safari hii si kwa ajili ya jua. Tangu nipandikizwe nilikuwa nimemshukuru Mungu, madaktari, kanisa, kila mtu. Yule mama aliyempoteza mwanawe sikuwahi kumfikiria hata siku moja.

Nimeapa: habari za hospitali sitazifananisha tena na kitu chochote kwenye simu. Nikirudi kumulikwa mara nyingine nitasema nimetibiwa, basi, na daktari akisema siku moja itakuwa siku moja. Ila Chilumba bado ananiita mwali, hata kanisani, na nimeacha kukasirika. Akiniita naitika, tena kwa sauti, maana tunaitika wawili, mimi na huyu humu ndani.